Msafara wa Lewis na Clark: Maeneo ya Kihistoria na Kazi ya Wakalimani

Utangulizi

Kuanzia Mei 1804 hadi Septemba 1806, kikosi kidogo cha jeshi la Marekani kilisafiri kutoka Mto Mississippi hadi pwani ya Bahari ya Pasifiki na kurudi. Viongozi wake walikuwa Meriwether Lewis na William Clark. Mwaka uliotangulia, yaani 1803, serikali ya Rais Thomas Jefferson ilikuwa imenunua kutoka Ufaransa eneo la Louisiana kwa dola milioni 15, na kwa ununuzi huo ukubwa wa nchi ya Marekani ukakaribia kuongezeka maradufu. Wenyeji waliokuwa wakiishi katika eneo hilo hawakuulizwa na muuzaji wala na mnunuzi. Kwa hiyo msafara ulipewa kazi ya kuchunguza mito, milima, mimea na wanyama, na pia kuwaeleza wenyeji kwamba sasa wako chini ya mtawala mpya.

Leo njia iliyopitwa na msafara huo inahifadhiwa kisheria. Ilitangazwa kuwa Njia ya Kihistoria ya Taifa mwaka 1978, ikarefushwa mwaka 2019, na sasa ina urefu wa takriban kilomita 7,900 katika majimbo 16. Kando yake kuna kambi, ngome, minara ya kumbukumbu na makumbusho mengi. Katika makala hii hatukusudii kuyaorodhesha yote. Tutachagua machache na kuyauliza swali moja linalotuhusu sisi walimu na wanafunzi wa lugha: watu hawa walizungumzaje na wenyeji wao? Tutaona kwamba hatima ya msafara katika kila kituo ilitegemea sana mkalimani, ingawa jina la mkalimani halikuandikwa mara nyingi juu ya jiwe.

Kabla ya kuendelea, tukumbushane istilahi. Mfasiri hushughulikia maandishi, naye mkalimani hushughulikia maneno yanayosemwa ana kwa ana. Aidha, jina "Wahindi Wekundu", ambalo limewahi kutumika katika maandishi ya Kiswahili, lilitokana na kosa la Columbus aliyedhani amefika Bara Hindi. Hapa tutawataja wenyeji kwa majina ya mataifa yao.

Camp Dubois: kikosi cha lugha nyingi

Kituo cha kwanza ni Camp Dubois katika jimbo la Illinois, ng'ambo ya mahali ambapo Mto Missouri uliingia katika Mto Mississippi. Hapo ndipo wanajeshi walipofanya mazoezi katika majira ya baridi ya 1803 hadi 1804. Mito hiyo imehamahama tangu wakati huo, na kambi ya asili haionekani tena. Mgeni anayefika Hartford, Illinois, huonyeshwa ngome ya mfano pamoja na jumba la makumbusho.

Wengi husimulia habari za kikosi hiki kana kwamba wote walikuwa Waingereza kwa lugha na asili. Sivyo. George Drouillard, mwindaji hodari kuliko wote, alikuwa na baba Mfaransa wa Kanada na mama wa taifa la Shawnee, naye alijua lugha ya ishara iliyotumiwa na mataifa mengi ya nyika za kati. Pierre Cruzatte, mwendesha mashua na mpiga fidla, alikuwa na mama Mwomaha. François Labiche alizungumza Kifaransa na Kiingereza. Alikuwapo pia York, Mmarekani mwenye asili ya Afrika aliyekuwa mtumwa wa Clark. Kwa hiyo kikosi chenyewe kilikuwa na lugha kadhaa hata kabla ya kukutana na mgeni yeyote.

Mto Bad: mkalimani anapokosekana

Katika mji wa Fort Pierre, jimbo la South Dakota, Mto Bad humwaga maji yake katika Mto Missouri. Hapo, tarehe 25 Septemba 1804, msafara ulikutana na Walakota wa kundi la Teton. Mkalimani wao wa lugha za jamii hiyo, Pierre Dorion, alikuwa ameachwa nyuma wiki chache kabla ili awasaidie Wayankton kupeleka wajumbe kwa rais. Aliyebaki kuziba pengo alikuwa Cruzatte, aliyejua Kiomaha. Walakota walikuwa na mateka Waomaha, na kwa njia hiyo maneno machache yakapita.

Machache hayo hayakutosha. Walakota walitaka ushuru kutoka kwa kila mfanyabiashara aliyepita mtoni kwao, na waliona zawadi walizopewa kuwa duni. Manahodha wao hawakuelewa vizuri wanachodaiwa wala kwa nini. Vijana walipoishika kamba ya mashua, Clark alichomoa upanga, askari wakaelekeza bunduki, na wapiganaji wakavuta pinde zao. Chifu aliyeitwa Black Buffalo ndiye aliyetuliza mambo. Katika shajara yake Clark alikiri kwamba upungufu wa mkalimani uliwatatiza sana.

Kwa mwalimu wa lugha, eneo hili linafundisha zaidi kuliko ngome nyingi. Hata hivyo, tusidhani kwamba lugha peke yake ingeondoa ugomvi huo. Walakota walikuwa na masilahi yao katika biashara ya mto, na wageni walikuwa na yao. Ila mtu asiyeelewa anachoombwa hawezi kukubali, hawezi kukataa kwa adabu, na hawezi hata kupatana bei. Kinachobaki mkononi ni silaha.

Fort Mandan na Mto Knife

Mwishoni mwa Oktoba 1804 msafara ulifika kwenye vijiji vya Wamandan na Wahidatsa, katika jimbo ambalo leo ni North Dakota. Vijiji hivyo vitano vilikuwa na watu zaidi ya 4,000, wengi kuliko wakazi wa mji wa St. Louis wa wakati huo. Vilikuwa kitovu cha biashara ambako mahindi, farasi, ngozi na bunduki vilibadilishwa, na ambako lugha nyingi zilisikika kwa siku moja. Wanajeshi walijenga ngome jirani, wakaiita Fort Mandan, wakakaa humo majira yote ya baridi.

Ngome ya asili iliungua, na mahali pake panaaminika kuwa pamemezwa na mto. Ngome ya mfano imejengwa karibu na mji wa Washburn. Anayetaka kuona alama za kweli na aende kwenye eneo la kihistoria la Mto Knife, lililopewa hifadhi ya taifa mwaka 1974. Pale, katikati ya majani, yanaonekana mabonde ya mviringo ardhini. Kila bonde ni alama ya nyumba moja ya udongo iliyokuwa na familia ndani yake.

Katika kijiji kimojawapo aliishi Sacagawea. Alizaliwa miongoni mwa Washoshone wa milimani, akatekwa na Wahidatsa akiwa binti mdogo wa miaka kama 12, akajifunza lugha yao. Alikuwa mmoja wa wake za mfanyabiashara Mfaransa wa Kanada aitwaye Toussaint Charbonneau. Manahodha walimwajiri Charbonneau kwa kuwa walijua kwamba wasingeweza kuvuka milima bila farasi wa Washoshone, na mke wake alijua Kishoshone. Tarehe 11 Februari 1805 Sacagawea alijifungua mtoto wa kiume, Jean Baptiste. Wiki nane baadaye alianza safari akiwa amembeba mgongoni. Mwisho wa safari Charbonneau alilipwa zaidi ya dola 500. Sacagawea hakulipwa chochote.

Camp Fortunate: mnyororo wa lugha

Tarehe 17 Agosti 1805, kusini-magharibi mwa Montana, msafara ulikutana na Washoshone. Sacagawea alipoitwa ili akalimani mazungumzo, alimtazama chifu Cameahwait na kumtambua kuwa ni kaka yake. Alimkimbilia, akamkumbatia huku akilia. Kisha alirudi kwenye kazi yake, ingawa machozi yalimkatiza mara kwa mara.

Tuitazame kazi yenyewe ilivyokuwa. Cameahwait alisema kwa Kishoshone. Sacagawea alimwambia mume wake kwa Kihidatsa. Charbonneau, ambaye hakujua Kiingereza, alimwambia Labiche kwa Kifaransa. Labiche aliwaambia manahodha kwa Kiingereza. Jibu lilirudi kwa njia hiyo hiyo. Lugha zilikuwa nne na wakalimani watatu, na jambo lililojadiliwa lilikuwa la uhai, kwani bila farasi wangekwama kabla ya theluji. Walifanikiwa kupata farasi karibu 30.

Manahodha waliipa kambi hiyo jina la Camp Fortunate, maana yake kambi ya bahati njema. Leo haitembelewi kwa miguu. Iko chini ya ziwa la bwawa la Clark Canyon, lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Msafiri husimama kando ya barabara karibu na mji wa Dillon, husoma kibao, na kutazama maji.

Siku chache baadaye mnyororo ukarefuka. Huko Ross' Hole, Septemba 1805, walikutana na Wasalish, ambao lugha yao haihusiani kabisa na Kishoshone. Kwa bahati alikuwapo kijana Mshoshone aliyeishi kwa Wasalish, naye akawa pete ya tano. Baadhi ya askari walioandika shajara walisikia sauti za kooni katika Kisalish, wakadhani hawa ni wazao wa watu wa Wales waliopotea. Hili ni onyo kwetu: sikio lisilozoea lugha huisikia kama kasoro ya matamshi, kisha hubuni hadithi ya kuieleza. Mwezi Mei 1806, katika baraza na Wanimiipuu, ambao Wafaransa waliwaita Nez Perce, hotuba ilipitia tena lugha tano, na Lewis aliandika kwamba kikao kilichukua karibu nusu ya siku.

Fort Clatsop: maneno ya biashara

Majira ya baridi ya 1805 hadi 1806 msafara ulikaa Fort Clatsop, karibu na mji wa leo wa Astoria, jimbo la Oregon. Ngome ya mfano iliyojengwa hapo mwaka 1955 iliungua Oktoba 2005, ikajengwa nyingine mwaka 2006.

Huku hali ya lugha ilikuwa tofauti. Wachinook na Waclatsop walikuwa wamezoea meli za biashara kwa miaka zaidi ya kumi, nao walijua maneno ya Kiingereza waliyojifunza kwa mabaharia. Lewis aliyaorodhesha: majina ya bunduki, baruti, risasi, kisu na tupa, pamoja na matusi mawili mazito. Orodha hiyo fupi inatuonyesha ni watu gani waliokuwa wamewatembelea na kwa shughuli gani. Wanafunzi wetu wanaweza kuilinganisha na Kiswahili, kwa sababu maneno bunduki, baruti na risasi nasi tuliyapokea kupitia Kiarabu, kwa njia za biashara ya pwani.

Clark naye aliandika kifungu kifupi alichokisikia kwa mwenyeji akistaajabia shabaha yake. Ndani yake jina la bunduki ni la Kiingereza na maneno mengine ni ya kienyeji. Wanaisimu wamekijadili sana kifungu hicho kama dalili ya mapema ya pijini iliyokuja kuenea pwani yote ile, iitwayo Chinuk Wawa.

Kilichobaki ardhini

Kwa safari iliyosifiwa kiasi hiki, alama zinazogusika ni chache mno. Karibu na mji wa Lolo, Montana, iko kambi ya Travelers' Rest, walikopumzika Septemba 1805 na tena mwaka 1806. Mwaka 2002 wanaakiolojia walipata humo mabaki ya mafiga na, katika udongo wa choo, chembe za zebaki. Askari walikuwa wakipewa vidonge vya kuharisha vyenye zebaki, ambayo huacha alama ardhini kwa karne nyingi. Hivyo dawa kali ya tumbo ikawa shahidi bora kuliko maandishi.

Mashariki ya hapo, kando ya Mto Yellowstone, unasimama mwamba uitwao Pompeys Pillar. Clark alichonga juu yake jina lake na tarehe 25 Julai 1806, na maandishi hayo bado yanasomeka. Aliuita mwamba huo kwa jina la utani la mtoto wa Sacagawea, Pomp. Lakini mwamba ulikuwa tayari na michoro ya wenyeji, na Wacrow walikuwa na jina lao linalomaanisha mahali pa simba wa milimani. Clark aliandika juu ya ukurasa ambao tayari ulikuwa umeandikwa.

Majina kwenye mawe

Mnara mkubwa wa Sioux City, jimbo la Iowa, unamkumbuka Sajini Charles Floyd, mtu pekee wa msafara aliyefariki njiani, tarehe 20 Agosti 1804. Una urefu wa mita 30, ulikamilika mwaka 1901, na mwaka 1960 ulikuwa wa kwanza kuingizwa katika orodha ya alama za kihistoria za taifa.

Wakalimani walichelewa kupata heshima. Sacagawea ana sanamu nyingi sasa, na sura yake iliwekwa kwenye sarafu ya dola moja mwaka 2000, lakini hata tahajia ya jina lake haijakubaliwa. Katika North Dakota huandikwa Sakakawea, kwa kufuata Kihidatsa, ambamo maana yake ni Mwanamke Ndege. Washoshone wa Lemhi huandika Sacajawea na kudai kuwa ni jina la Kishoshone. Herufi j ilienea kutokana na kitabu cha msafara cha mwaka 1814. Katika mji wa Charlottesville, Virginia, sanamu ya mwaka 1919 ilimwonyesha akiwa ameinama nyuma ya manahodha. Ilipingwa kwa muda mrefu na kuondolewa Julai 2021.

York naye alivuka bara lote kama wenzake. Wenzake walipewa mshahara maradufu na ardhi. Yeye hakupata kitu, na barua za Clark kwa ndugu yake zinaonyesha kwamba alipoomba uhuru ili aishi karibu na mke wake huko Louisville, bwana wake alikataa kwa miaka mingi. Cheo cha heshima cha sajini alipewa na Rais Bill Clinton mwaka 2001.

Lugha zenyewe ziko wapi?

Jefferson alipenda kukusanya misamiati ya wenyeji, naye alimpa Lewis fomu za kujaza maneno ya kila taifa. Mwaka 1809, mizigo ya Jefferson ilipokuwa ikisafirishwa kwa mto, mwizi aliiba sanduku akidhani lina mali. Alipokuta karatasi tu, alizitupa majini. Makusanyo ya miaka kama 30 yakaangamia, isipokuwa kurasa chache zilizookotwa matopeni. Misamiati ya msafara nayo haijapatikana.

Hasara hiyo ni ya karatasi. Iliyofuata ilikuwa ya watu. Mwaka 1837 ugonjwa wa ndui uliua sehemu kubwa ya Wamandan. Waliobaki waliungana na Wahidatsa na Waarikara. Bwawa la Garrison lilipokamilika katika miaka ya 1950, maji yalifunika mashamba na vijiji vyao kandokando ya Mto Missouri, na jamii zilizokuwa zikizungumza pamoja zikatawanyika. Ziwa hilo lililotokana na bwawa limepewa jina la Sakakawea. Edwin Benson, mtu wa mwisho aliyelelewa kwa Kimandan tangu utotoni, aliwafundisha watoto lugha hiyo katika shule ya Twin Buttes. Alifariki mwaka 2016. Kazi ya kuifundisha inaendelea kwa kutumia rekodi alizoziacha na wanafunzi waliojifunza kwake.

Hivyo ngome ya Fort Mandan imejengwa upya kwa magogo, na mgeni anaweza kuingia na kugusa kitanda. Lugha iliyotoa jina la ngome hiyo haijengwi upya kwa magogo.

Hitimisho na zoezi la darasani

Shajara zote za msafara zilichapishwa na Chuo Kikuu cha Nebraska kati ya 1983 na 2001 katika juzuu 13, na zinasomwa bure kwenye intaneti. Mwalimu wa ukalimani anaweza kuchagua tukio la Mto Bad na la Camp Fortunate, akawaomba wanafunzi wayalinganishe kwa Kiswahili chao wenyewe.

Tunapendekeza pia zoezi moja. Katika nchi zetu ni vigumu kupata darasa lenye lugha moja tu, na hilo ni mtaji. Panga wanafunzi watano katika mstari. Wa kwanza apewe ujumbe wa Kiswahili wenye idadi, sharti na neno la heshima, kwa mfano: "Mzee, tunaomba farasi kumi na wawili, lakini tutalipa tukishavuka mlima." Kila mmoja aupitishe kwa lugha nyingine anayoielewa jirani yake, na wa mwisho aurudishe katika Kiswahili. Andikeni ubaoni kilichofika. Hesabuni kilichopotea: je, ni idadi, ni sharti, au ni lile neno "Mzee"?

Tunatabiri kwamba neno la heshima ndilo litakalopotea kwanza, na ndilo lililohitajika zaidi kule Mto Bad. Walimu watakaolijaribu zoezi hili tunawaomba watuandikie matokeo yao, wakitaja lugha zilizotumika na mahali ambapo mnyororo ulikatika.